Nane ya Dada

Mimi ni fundi wa mizani, na watu wa mtaa wananiita Gramu. Jina hilo nilipewa na muuza nyama mmoja niliyemwambia mbele ya wateja wake kwamba kilo yake ina upungufu wa gramu themanini. Alicheka mpaka machozi, akasema bwana huyu hata mchumba lazima ampime kwanza. Sijaoa hadi leo, kwa hiyo labda aliona mbali. Nalisema hili mapema ili ujue aliyefanya niliyoyafanya ni mtu wa namna gani. Ni mtu aliyewakaripia wenzake miaka ishirini na mitatu kwa ajili ya gramu themanini.

Dada yangu ni msusi. Amenizidi miaka sita, na tunaishi nyumba moja na mama yetu, vyumba vitatu na sebule yenye meza moja inayofanya kazi zote. Saluni walimwita Chapuchapu. Kichwa ambacho wenzake walikimaliza kwa saa tano yeye alikimaliza kwa tatu, tena huku akisimulia umbea wa mtaa mzima bila kupoteza hesabu ya mistari. Kiti chake kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, karibu na dirisha. Wateja walikuwa radhi kukaa kwenye benchi kutwa nzima wakimngojea yeye, na viti vingine viko wazi.

Kiharusi kilimkuta hapo hapo kazini, asubuhi, mteja amesukwa nusu kichwa. Nywele zilimponyoka vidoleni. Akazishika tena, zikamponyoka tena. Mara ya tatu alitaka kumwambia mteja samahani, mkono umelala, lakini maneno yalitoka yamepinda na mteja akageuka kumtazama. Hospitali alikaa wiki mbili. Maneno yalinyooka, mguu ukarudi, ukabaki unaburura kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani mwake, na kila akitaka kuusogeza aliuchukua kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayehamisha kitu cha mwenzake.

Mwenye saluni alikuja kumwona, mama mwenye huruma ya kweli, akalia kuliko sisi wenye mgonjwa. Lakini saluni ni biashara. Alisema atakitunza kiti miezi mitatu. Zaidi ya hapo hataweza, kuna msusi mwingine anakiomba na ameshachoka kumzungusha. Dada alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni kwa mguu wake ule. Kisha akaniambia miezi mitatu ni mingi, atakuwa amekaa pale kabla haijaisha. Hakutaka kitu kingine. Hakuomba mguu upone vizuri wala hakuuliza kama kiharusi kingerudi. Alitaka kiti cha tatu kutoka mlangoni.

Hospitali walimkabidhi kwa daktari wa mazoezi, mwanamke kijana, mpole, asiyechoka kurudia jambo. Alimpa kazi za nyumbani. Aloweke mkono katika maji ya uvuguvugu na kunyoosha kidole kimoja kimoja, asubuhi na jioni. Avae gango la plastiki kila anapolala, ili vidole visizoee kujikunja. Akunje taulo. Aokote maharage kutoka bakuli hili hadi lile. Alisisitiza kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na kwamba mkono ukikakamaa katika miezi hiyo, kuulegeza baadaye ni shughuli pevu.

Dada alifanya, lakini alifanya kwa kinyongo. Alisema amewasuka maharusi wasio na idadi, na leo amewekwa mezani kuhesabu maharage kama anayechagua mboga ya jioni. Siku moja alilisukuma bakuli mpaka likamwagika, akanigeukia.

"Wewe si fundi? Nitengenezee kitu kitakachoniambia nimefika wapi. Maharage hayaniambii kitu."

Nilivimba kichwa, siwezi kukataa. Maisha yangu yote nimekuwa mdogo wake. Yeye ndiye aliyenifunga viatu, aliyenitetea kwa watoto wa jirani. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananihitaji, tena kwa kazi ninayoijua.

Nilichonga ubao wa upana wa kiganja, wenye mgongo wa kuegemeza mkono. Mbele nikaweka vitanzi vinne vya ngozi laini, kimoja kwa kila kidole, na cha tano pembeni kwa dole gumba. Nyuzi za vitanzi zilipita juu ya makapi madogo, vigurudumu vya kupitishia uzi, zikakutana kwenye waya mmoja, na waya ukaenda kwenye kitu cha kuuvuta. Hapo niliweka nati yenye masikio: ukiikaza, mvuto unaongezeka, ukiilegeza, unapungua. Ubavuni nilikwaruza namba, moja hadi kumi, na mshale wa kuonyesha nati imekazwa kiasi gani. Mgonjwa anavuta vidole mpaka waya ufike kwenye alama nyekundu. Namba kubwa kabisa anayoweza kuivuta hadi kwenye alama, hiyo ndiyo nguvu yake ya siku hiyo.

Shida ilikuwa kwenye kile kitu cha kuvuta. Kwanza nilitumia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ulikuwa mgumu asubuhi na mlegevu mchana, nikautupa. Kisha nikatia springi mpya. Dada aliweka vidole, akavuta, akavuta, uso ukamwiva. Waya haukutikisika hata kwenye moja. Aliutoa mkono vitanzini akaenda chumbani, na nikamsikia akilia, na mimi nikakaa na ubao wangu mapajani nikijiona mpumbavu.

Nilipaswa kutafuta waya mwembamba nisokote springi laini inayomfaa. Kazi ya wiki moja, haizidi. Lakini nilikuwa na haraka ya kumwona akifurahi. Pale kwenye karakana nina kopo la springi zilizochoka, nilizozitoa kwenye mizani za kuning'iniza za wachuuzi. Springi iliyochoka ni laini. Nikachagua moja, nikaifunga, nikaning'iniza mawe ya mizani na kuzirekebisha namba: kila namba gramu mia mbili, moja ni mia mbili, nane ni kilo moja na gramu mia sita. Siku hiyo kila namba ilisema kweli. Dada akavuta. Waya ukafika kwenye alama kwenye moja. Nikakaza nati. Ukafika kwenye mbili. Kwenye tatu ukagoma, lakini nani aliijali tatu? Alicheka kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, na mimi nikatoka nje nikasimama uani peke yangu mpaka macho yakauka.

Nilikipeleka kifaa kwa daktari wa mazoezi akione. Alikigeuza huku na huku, akakisifu. Aliniambia kwamba kwa mkono wa msusi, ili ushike nywele kutwa nzima bila kuchoka, angependa kuona kama nane. Halafu akaongeza mambo mawili. Kifaa kisichukue nafasi ya maji ya uvuguvugu na gango. Na kila wiki nikipime upya kwa mawe, kwa sababu springi hubadilika. Nikamjibu, kwa sauti ambayo leo naionea haya, kwamba mwanangu, mizani za mji huu zote zinapita mikononi mwangu. Akatabasamu, akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi.

Wiki ya pili Dada alifika tatu. Ya tatu, nne. Nyumba ilibadilika. Mama yetu ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya vivuli, na kila alasiri baada ya kulala kidogo alitoka chumbani akipapasa ukuta, akisimama mlangoni pa sebule na kuuliza, "Leo ngapi?" Namba nilizokwaruza zilikuwa ndogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nazisoma. Nikisema nne, mama alimshukuru Mungu kwa nne. Nikisema tano, alipiga vigelegele, mwanamke wa miaka sabini na tisa, mpaka jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kuna nini.

Na namba zilivyopanda, mengine yakaachwa. Maharage yalirudi jikoni. Gango lilikuwa linamchoma chini ya dole gumba, akasema mtu mwenye tano ana haja gani na plastiki. Maji ya uvuguvugu yalichukua nusu saa ambayo angeweza kuvuta kifaa. Siku ya kwenda hospitali alinituma mimi nikaseme anaendelea vizuri, na nikaenda, nikasema, tena kwa majivuno. Daktari wa mazoezi aliuliza kama vidole vinanyooka. Nikamwambia ana sita.

Lipo jambo moja zaidi, na hili ndilo linalonila. Dada hakuwa analegeza nati. Aliogopa kwamba akiilegeza atapoteza alipofika, kwa hiyo aliacha kifaa kimekazwa mchana na usiku, springi imenyooshwa saa zote. Mimi nimewafokea wauza nyama wangapi kwa kuacha nyama ikining'inia kwenye mizani hadi asubuhi? Nawaambia mnaiua springi, kesho itadanganya. Nilikiona kifaa cha Dada kimekazwa kila siku mezani, na sikusema kitu. Wakati mmoja, kwenye sita, nilitia kidole changu kwenye kitanzi nikavuta. Kilikuja kirahisi mno. Nikajiambia ni kwa sababu kidole changu ni kizima. Nikakitoa haraka, na nadhani hapo nilijua, ila sikutaka kujua.

Alifika nane ikiwa imebaki wiki moja miezi mitatu itimie.

Jumatatu tulikwenda saluni, mimi nikiwa nimembebea mkoba wake wa vitana. Walimpokea kwa makofi. Mteja wake wa zamani, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekaa tayari kwenye kiti cha tatu, nywele ameziosha, ametaka yeye awe wa kwanza. Dada alichana vizuri. Kuchana alikwisha jifunza kwa kushoto. Aligawa mstari. Akashika mafungu matatu ya nywele karibu na paji la uso, akaanza.

Nilisimama karibu na mlango, kwa hiyo niliona. Vidole vya kulia vilifunga lakini havikubana. Kila alipovuka fungu moja juu ya jingine, lililobaki lilichomoka. Alirudia. Mstari wa kwanza ulitoka mlegevu, unaning'inia juu ya ngozi ya kichwa. Mwalimu aliinua kioo, akatazama, akasema umependeza. Dada alikuwa ameshashika mafungu mengine. Jasho lilikuwa linamtiririka, na wasusi wenzake wakaanza kuzungumza kwa sauti juu ya mambo mengine, ili asijione anatazamwa.

Kwenye mstari wa tatu vidole vilifunga vikakataa kufunguka. Alikuwa ameshika fungu la nywele ngumini na hakuweza kuliachia. Alivuta, na mwalimu akafumba macho, akayakaza. Ikabidi msusi wa kiti cha pili aje amfungue Dada kidole kimoja kimoja, taratibu, huku akimwambia pole, pole dada yangu. Vilikuwa vimekakamaa hasa. Kila alichokifungua kilirudi chenyewe.

Mwenye saluni alimwita Dada pembeni. Sikusikia aliyomwambia. Nilimwona Dada akiitikia kwa kichwa, mara nyingi, kuliko maneno yalivyohitaji. Tulipokuwa tunatoka, mwalimu alikuwa anafumuliwa ile mistari mitatu.

Njiani aliniambia ni woga tu. Macho ya watu yalimtia kiwewe. Atamwomba mwenye saluni siku nyingine, asubuhi, kabla ya wateja.

"Nguvu ninayo," alisema. "Kifaa kinasema nane. Na kifaa umekitengeneza wewe."

Tulipofika nyumbani alijilaza. Mama naye alikuwa amelala. Nilikichukua kifaa mezani jinsi kilivyo, kimekazwa kwenye nane, nikakipeleka karakana, nikafunga mlango. Nikaning'iniza mawe. Kilo moja na gramu mia sita, waya ulikwenda chini moja kwa moja ukagonga mbao. Nikapunguza hadi kilo moja. Ukagonga. Nikapunguza hadi nusu kilo. Mwishowe nilibaki na jiwe la mia mbili na jiwe la hamsini, na hapo ndipo waya uliposimama sawasawa kwenye alama nyekundu.

Gramu mia mbili na hamsini. Siku ya kwanza kabisa Dada alivuta mia nne.

Nilikaa juu ya kasha la vifaa. Nilitaka kuwa na mtu wa kumfokea. Wiki baada ya wiki mkono wake ulikuwa unakufa na springi yangu ilikuwa inakufa upesi zaidi, na sisi tulikaa katikati tukipiga vigelegele. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, dada yangu mwenyewe, na kwa mkono huu huu nikamvua gango. Niliwaza kukirudisha kifaa mezani na kunyamaza. Niliwaza kusema kimeanguka, kimevunjika. Nikajitukana kwa sauti, nikayatia mawe mfukoni, nikakibeba kifaa, nikarudi.

Alikuwa ameamka, amekaa mezani. Nilimweleza yote, tangu kopo la springi hadi yale mawe mawili. Nilipomaliza aliniomba nimpime. Nilitoa springi, nikafunga mawe moja kwa moja kwenye waya, nikamwekea vidole vitanzini, na ilinibidi nivinyooshe kwanza ili viingie. Mia mbili, aliinua. Mia nne, alijaribu mara tatu. Mawe hayakutoka mezani.

"Ni ngapi hiyo?" akauliza.

"Moja."

"Nilianza na mbili."

"Ndiyo."

Alilitazama jiwe la mia mbili, kipande cha chuma kisichozidi kiberiti.

"Kwa nini hukunipimia kwa mawe tangu mwanzo? Mawe unayo. Yamejaa karakana."

Ukweli ni kwamba jiwe haliongezi kitu, haliachii kitu, na mimi nilitaka kumpa kitu kinachopanda. Nilimwambia nisamehe. Nikamwambia kesho tutakwenda kwa daktari wa mazoezi, tutaanza upya, maji, gango, maharage, nitakaa naye mwenyewe.

"Daktari alisema miezi ya mwanzo," alisema taratibu. "Ile miezi iko wapi, mdogo wangu?"

Ningemshukuru kama angenipiga. Aliuchukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto akauweka mapajani, na nikaona kwamba hakuwa na hasira nami hata chembe, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Alikuwa amekwisha niacha nyuma, yuko mahali ambapo hasira haina kazi. Chumbani mama alikohoa, kitanda kikalia.

"Rudisha springi," Dada alisema.

Nikamwambia springi ile imekufa, ni uongo mtupu.

"Najua. Sikukuuliza." Kisha akasema, bila kunitazama, "Kesho nikiamka nifanye nini?"

Nilirudisha springi. Nilikaza nati hadi pale ilipokuwa, nikamsaidia kuingiza vidole. Alivuta, na waya ukaja kwenye alama nyekundu kirahisi, kama ulivyokuwa ukija siku zote.

Mama alitoka akipapasa ukuta, akasimama mlangoni pa sebule, shuka begani. Hakujua kwamba tulishakwenda saluni na kurudi, au alijua na hakutaka kuuliza hilo.

"Leo ngapi?"

Nilifungua mdomo niseme moja. Naapa nilitaka kusema moja. Dada akanitangulia.

"Nane, Mama."

"Alhamdulillahi. Basi kesho tisa," mama alisema, akatafuta kiti chake kwa mkono, akakaa.

Wala hakukosea. Springi ile ilikuwa bado inalegea, nami nazijua springi. Tisa ingefika, na kumi ingefika, na mimi ndiye ningezisoma.